Tume ya Kumtafuta Aliyetukanwa

Nchi ya Utulivuni haimo katika ramani yoyote, na msomaji anayedhani aliwahi kuishi humo akapimwe homa kwanza, ndipo aendelee kusoma. Ni nchi njema. Gazeti lake lina kichwa cha habari kimoja tu, "Jana Pia Kulikuwa Shwari", kinachobadilika ni tarehe. Redio yake ni moja, Sauti ya Utulivu, na anayeisimamia ni Waziri wa Habari na Ukimya. Mkuu wa nchi anaitwa Mtulivu Mkuu. Ametawala muda mrefu hata watoto wa shule wakiulizwa kabla yake alikuwepo nani, hujibu kwa sauti moja kwamba kulikuwa na giza.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, Mtaa wa Kisimani, aliishi Saumu Kibwana, mwimbaji wa taarabu wa kikundi cha Shada la Asumini. Saumu hakuwa na siasa. Alikuwa na jirani.

Jirani mwenyewe ni Bi Pembe, mjane mwenye bata wengi na haya chache. Kisima cha mtaa alikizungushia mnyororo, ufunguo akautia kifuani. Ukuta wa nyumba yake aliupaka rangi upande wa barabarani, upande wa nyuma akawaachia mchwa. Sikio lake lilikaa kwenye madirisha ya watu kama pazia. Na akialikwa harusini, alikula, akasinzia, akazinduka watu wakipiga makofi, naye akapiga kuliko wote.

Sasa mwanamke wa mjini akikosewa na jirani hapigani, wala haendi polisi. Anatunga. Saumu akatunga wimbo wa beti nne na kiitikio:

*Kisima cha watu wote, peke yako wakichota,*
*Wenzio twafa kwa kiu, bata wako wametota.*

*Ukuta wako wa mbele, rangi yake yavutia,*
*Nyuma fito zimeoza, mbuzi anajipitia.*

*Sikio huku na huko, madirishani lakaa,*
*Ya kwako wayafutika, ya wenzio yazagaa.*

*Shughulini wasinzia, kichwa kimekwenda nyuma,*
*Wazinduka kwa makofi, wadhani umeyachuma.*

Na kiitikio: *Sikutaji jina lako, nafsi yako yakujua.*

Aliuimba kwenye harusi ya binti wa muuza mkaa. Wanawake waliinuka kumtunza kama ilivyo desturi ya Utulivuni: anayetunza hucheza mpaka mbele, hupachika noti kwenye nywele za mwimbaji, kisha humnong'oneza sikioni ubeti ule ni wa nani, ili mwimbaji akiurudia ajue jicho alielekeze wapi. Mwimbaji mwenye adabu hushusha kipaza sauti wakati wa mnong'ono. Anayeinuka kutunza ameshinda. Anayebaki kitini amenuna, ndiye. Bi Pembe aliinuka wa kwanza, akatunza kwa mbwembwe, akanong'ona kwamba wimbo ule umempata sawasawa shemeji yake wa ng'ambo.

Kisa kingeishia hapo, kama si mtu mmoja kuurekodi wimbo kwa simu na kuurusha. Kabla ya juma kwisha, ulikuwa umefika Ikulu.

Baraza la Mawaziri liliusikiliza milango ikiwa imefungwa. Ulipofika ubeti wa kwanza, Waziri wa Maji, Mheshimiwa Dachi, alikohoa. Ubeti wa pili, Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Gwandu, akaomba maji. Ubeti wa tatu, Waziri wa Habari na Ukimya, Mheshimiwa Bi Zainati, akatazama dari. Ubeti wa nne hakuna aliyetazama popote, maana Mtulivu Mkuu alikuwa amelala.

"Baraza linavuja," alisema Bi Zainati wimbo ulipokwisha. "Kuna mtu amempa mwanamke huyu siri zetu."

Hapo hapo wimbo ukapigwa marufuku. Na kwa kuwa serikali ya haki haimwadhibu raia kwa kosa asilolijua, Sauti ya Utulivu ilitangaza kila saa, kabla ya salamu za wasikilizaji: "Wananchi mnakatazwa kusikiliza, kuimba au kukumbuka wimbo unaosema kwamba kisima cha watu wote kinachotwa na mtu peke yake, na kwamba wakati wengine wanakufa kwa kiu, bata wake wametota." Mtangazaji alisoma beti zote bila kuruka neno. Wananchi wa mikoani, ambao hawakuwa na simu za kurushiana nyimbo, waliukariri wimbo kwa njia hiyo, wakautilia na ngoma.

Kisha askari wakaja Mtaa wa Kisimani kuchukua kinanda cha kikundi, kiwe kielelezo. Kinanda chenyewe kilikuwa kikuukuu, hakiwaki mpaka kichapwe kofi mahali fulani ubavuni, na aliyepajua mahali hapo ni mpigaji wake tu, Shaame, mdogo wake Saumu. Askari wakaona kielelezo kisichowaka ni aibu kwa serikali. Wakamchukua na Shaame, wakamfungia nacho katika stoo ya vielelezo, baina ya magunia ya mkaa na baiskeli za wizi.

Saumu ndiye aliyemlea Shaame tangu mama yao alipofariki. Sasa Shaame alikuwa mtu mzima mwenye masharubu, na bado Saumu akipakua alimwekea nyama ya mfupa. Siku ile alifunga leso kiunoni, akaenda Idara ya Kuziba Mianya.

Idara hiyo iliongozwa na Kamishna Tindwa, mtu mwembamba aliyezungumza polepole, kana kwamba kila neno lilipitia kwanza kwa mkubwa wake.

"Bi Saumu, karibu," alisema. "Nani alikuvujishia?"

"Kunivujishia nini, Afande?"

"Habari za maji."

"Za maji hazikuvuja. Namwona Bi Pembe akichota, na mimi nina macho."

Kamishna akamtazama msaidizi wake. "Bi Pembe," alirudia taratibu. "Ndilo jina la kificho la Mheshimiwa?"

"Mheshimiwa gani? Bi Pembe jirani yangu. Ana bata."

"Na bata nao ni kificho?"

"Bata ni bata, Afande. Ukipenda nitakuletea mmoja."

"Unajaribu kumhonga ofisa wa serikali kwa kificho," alisema Kamishna kwa huzuni.

Saumu alivuta pumzi. "Baba, sikiliza. Sitaki ugomvi. Nataka ndugu yangu. Ana kosa gani Shaame?"

"Hana kosa. Ni kielelezo. Kielelezo hakikosi, kinangoja kesi."

"Basi kesi iendeshwe, nifungwe mimi, yeye atoke."

"Hapo ndipo penye kazi." Kamishna aliegemea kiti. "Sheria ya Heshima inataka awepo aliyetukanwa, asimame, aseme 'mimi ndiye'. Kesi ya matusi bila mtukanwa ni harusi bila bwana harusi. Watu watakula, lakini hakuna atakayeoa. Niletee mtukanwa, kesi ianze, na ikiisha ndugu yako atatoka."

"Na asipopatikana?"

"Vielelezo havina haraka. Kuna baiskeli mle tangu mimi ni kijana."

Saumu alikwenda moja kwa moja kwa Bi Pembe. Alimkuta anawamwagia bata maji.

"Jirani," alisema, "leo nimekuja kwa magoti. Nifuate kwa Kamishna, useme wimbo ule ni wako. Shaame anaoza stoo."

Bi Pembe aliweka kata chini. "Wimbo upi?"

"Unaujua."

"Ule wa kisima? Shoga, ule si wangu. Ule umewatoa mawaziri jasho, mimi niseme ni wangu? Nchi nzima inauimba. Nikisimama nikasema mimi ndiye, nitapita wapi? Mpaka watoto watanilia kibata."

"Lakini ni wewe, Bi Pembe. Ufunguo huo hapo kifuani."

"Huu? Huu ni wa kabati." Akachukua kata yake. "Tena msalimie Shaame. Mwambie namwombea."

Saumu hakumlaumu sana. Yeye mwenyewe angetukanwa kwa wimbo, asingekubali hata kwa kuchomwa moto. Hiyo ndiyo nguvu ya taarabu na ndiyo balaa lake: jiwe linarushwa, na aliyepigwa ndiye wa kwanza kuuliza limempiga nani.

Serikali nayo ikagonga ukuta ule ule. Iliundwa Tume ya Kumtafuta Aliyetukanwa, mwenyekiti Kamishna Tindwa, nayo ikawaita mawaziri mmoja mmoja.

"Mheshimiwa Dachi, ubeti wa maji umekugusa?"

"Kunigusa vipi? Mimi mtu wa maji, ningekauka?" alijibu Waziri wa Maji, jasho likimtoka. "Labda mwulize Gwandu."

Gwandu akasema labda Bi Zainati. Bi Zainati akasema labda Dachi. Hakuna aliyekubali kutukanwa, maana kutukanwa na ubeti wa kisima ni kukiri kisima. Tume ilikaa, ikanywa chai ya serikali, ikaomba iongezewe muda wa kunywa nyingine. Mitaani watu waliulizana kwa kicheko, "Vipi, keshapatikana?"

Kicheko hicho ndicho kilichomkera Bi Zainati. Akapata wazo, na mawazo ya Bi Zainati yalikuwa adimu, kwa hiyo yalitekelezwa mara moja.

"Wimbo uimbwe," alitangaza. "Uimbwe mchana kweupe, katika Ukumbi wa Utulivu, mbele ya Baraza zima, na urushwe moja kwa moja na redio ya taifa. Nchi isikie kwamba serikali inatunza, inacheza, haina la kuficha."

Mawaziri waliafiki kwa kauli moja. Si kwamba walipenda. Ila kila mmoja alijua kwamba asiyekuja ndiye, na akija asipoinuka kutunza, ndiye zaidi.

Kamishna alimpelekea Saumu habari mwenyewe. "Utaimba. Tume itatazama nani ananuna. Atakayenuna ni mtukanwa, tutamkamata kwa heshima, kesi ianze."

"Na wasiponuna?"

"Omba Mungu wanune, Bi Saumu."

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa alasiri mapema. Nyuma walipangwa wafanyakazi wa wizara waliopewa kazi ya kupiga vigelegele kila kiongozi atakapotunza, na walikuwa wamefanyishwa mazoezi mpaka koo zikakauka. Mbele kabisa, katika kiti kilichokaribia kuwa kitanda, aliketi Mtulivu Mkuu, tayari macho yamemlegea. Pembeni, nyuma ya kioo, alikaa fundi mitambo wa redio na visikilizio vyake masikioni. Shaame naye aliletwa pamoja na kinanda, amefungwa kikaratasi cha kielelezo mkononi. Alikonda. Masharubu yake yalikuwa na vumbi la mkaa.

"Dada," alisema akikichapa kinanda kofi mahali pake, "hawa watu wakitabasamu leo, mimi nitazeekea mle."

"Piga kinanda," alisema Saumu.

Akaanza. Ubeti wa kwanza ulipofika kwenye bata, aliwatupia macho mawaziri akimtafuta wa kununa. Walikuwa wametabasamu wote, meno nje, kama waliopigwa na baridi. Mara Mheshimiwa Dachi akainuka. Akacheza mpaka mbele mabega yakimwenda, tumbo likimfuata nyuma ya wakati, vigelegele vikapaa hata mapazia yakatikisika. Akapachika noti kwenye nywele za Saumu, akainama sikioni.

"Ubeti huu mrudie Gwandu," alinong'ona. "Bomba kubwa la kaskazini ndilo linalomwagilia shamba lake la matikiti. Mimi niliidhinisha tu, kwa urafiki."

Saumu alikuwa amechanganyikiwa kwa hofu ya ndugu yake, akasahau adabu ya kazi. Kipaza sauti kilikuwa bado kidevuni.

Ukumbini hakuna aliyesikia, vigelegele vilifunika kila kitu. Lakini nyuma ya kioo fundi mitambo aliruka kitini kama aliyekalia siafu. Alimtazama Saumu, akatazama swichi. Kanuni ya kwanza ya Sauti ya Utulivu imeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: *Sauti ya waziri haikatwi*. Fundi alikuwa mtumishi mtiifu. Akaondoa mkono kwenye swichi, akaongeza sauti.

Saumu akaelewa. Maneno yale yalikuwa yametoka, yamekwisha fika kwenye kila kibanda cha chai na kila saluni ya Utulivuni. Angeweza kushusha mkono sasa na kuomba radhi ya bahati mbaya. Akamtazama Shaame na kikaratasi chake. Akawatazama watu wale waliokuwa tayari kutabasamu mpaka ndugu yake azeeke.

Mkono haukushuka.

Aliurudia ubeti wa kwanza, jicho lake kwa Mheshimiwa Gwandu, kwa ufundi uleule wa harusini. Gwandu akatabasamu kwa uchungu. Ubeti wa pili ulipoanza hakungoja umalizike. Alicheza kwa kasi, akatunza kwa mikono miwili.

"Huu ni wa Zainati," alinong'ona akihema. "Hospitali ya ng'ambo ya mto ina ukuta wa mbele tu. Nyuma ni turubai. Ukuta wa nyuma umo katika hoteli ya mkwewe. Tena mwangalie vizuri ukiimba, ana macho makavu yule."

"Nimesikia, Mheshimiwa," alisema Saumu ndani ya kipaza sauti, kwa adabu, asije msikilizaji akasahau cheo cha msemaji.

Bi Zainati aliinuka kwenye ubeti wa tatu. Yeye alicheza kwa madaha, maana alikuwa na asili ya mjini. Aliinamia sikio la Saumu kama shoga wa miaka mingi.

"Mpe Dachi, mwanangu. Lakini usimsahau na Tindwa. Simu zetu zote anazisikiliza, hata ya Mtulivu Mkuu, ingawa ile ana bahati mbaya nayo. Husikia kukoroma tu."

Ubeti wa nne ulipofika, vigelegele vilikatika vyenyewe. *Shughulini wasinzia, kichwa kimekwenda nyuma.* Pale mbele, kichwa kilikuwa kimekwenda nyuma. Mawaziri waliangalia viatu vyao. Kumtunza mwimbaji kwa ubeti ule kulikuwa kunyoosha kidole, na kidole kingefika wapi kila mtu alikiona kimefumba macho. Hakuna aliyeinuka. Saumu aliuimba peke yake, taratibu, mpaka mwisho, na makofi ya adabu yalipopigwa Mtulivu Mkuu akazinduka, akapiga kuliko wote.

"Hakuna aliyenuna," Kamishna alimwambia Saumu kwa masikitiko, na Shaame akarudishwa stoo na kinanda chake.

Mawaziri walitoka wakipongezana kwa utulivu waliouonyesha. Huko nje wakakuta jambo geni. Madereva wao walikuwa ndani ya magari, redio zimefunguliwa, wanawatazama. Hakuna aliyeshuka kufungua mlango.

Kesho yake asubuhi gazeti liliandika kwamba jana pia kulikuwa shwari. Lakini mbele ya Idara ya Kuziba Mianya kulikuwa na mstari wa watu uliozunguka jengo, ukapita msikitini, ukakata sokoni. Wengi walikuja na ndoo tupu. Wengine walikuja na wagonjwa wao mikononi.

Wa kwanza mstarini alikuwa mama mmoja mnene mwenye kanga ya rangi iliyopauka. Aliigeuza ndoo yake, akaikalia.

"Kamishna," alisema, "nasikia mnamtafuta aliyetukanwa. Msihangaike tena. Ni mimi."

"Wimbo ule ulikutukana wewe, mama?"

"Wimbo? Wimbo una kosa gani? Mimi nimetukanwa na wale walionong'ona. Nakaa chini ya bomba la kaskazini na sijaoga nikatakata tangu lilipojengwa."

"Na mimi," alisema mwanamume wa nyuma yake. "Mke wangu amejifungulia kwenye turubai."

"Na mimi," akasema mwingine, na mwingine, mpaka neno likazunguka jengo, likapita msikitini, likakata sokoni.

Kamishna Tindwa alisimama kizingitini. Sheria ilikuwa wazi: mtukanwa akipatikana, kesi huanza. Haikusema lolote kuhusu mtukanwa anayezunguka jengo. Tena yeye mwenyewe alikuwa amekwisha tajwa, na kwa uzoefu wake anayetajwa huwa salama zaidi akiwa ndiye anayekamata. Akapiga simu Ikulu. Mtulivu Mkuu aliamshwa, akauliza nchi ina nini, akaelezwa, akaamuru wanong'onaji watatu wawekwe mahali salama, kisha akalala. Idara ilikuwa na mahali salama pamoja tu.

Saumu, aliyekuwa amekuja na chakula cha Shaame, alimwona Kamishna akifungua stoo kwa mkono wake mwenyewe.

"Toka, bwana kinanda," alisema. "Tunahitaji nafasi."

Shaame alitoka akipepesa macho kwenye jua. Saumu alimpangusa vumbi la mkaa kwenye masharubu kwa ncha ya leso, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria, kisha akashika upande mmoja wa kinanda. Dada mtu na mdogo wake wakaanza safari ya kurudi nyumbani kando ya mstari ule mrefu. Watu wakawapisha. Wengine wakagusa kinanda kwa kidole.

Yule mama wa ndoo akawasimamisha.

"Mwanangu, ngoja nikuulize. Jana redioni nimesikia wa maji akitunza, wa ukuta akatunza, wa masikio akatunza. Ule ubeti wa nne, wa anayesinzia, ulipita kimya. Nani aliutunza?"

"Hakuna aliyeinuka, mama."

Mama yule akainuka kwenye ndoo, akajifunga kanga sawasawa, na nyuma yake mstari wote ukaanza kuinuka.

"Basi wekeni kinanda chini," alisema. "Huo tutautunza sisi."